Joto Linaporudi Mwanzoni mwa Mtambo

Safu ya Maswali na Majibu: Mitambo na Viwanda

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Arusha na Moshi. Waandishi wake hawafahamiani na kazi zao hazifanani, lakini wote wanasumbuliwa na mitambo ya aina moja, yaani mitambo ambayo sehemu ya kile kinachotoka mwishoni, kiwe ni malighafi iliyobaki au joto lake tu, hurudishwa mwanzoni ili kisipotee. Tumezijibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi katika kiwanda kidogo cha maziwa nje kidogo ya jiji la Arusha. Mashine yetu ya kupasha maziwa ni ya mtiririko. Maziwa mabichi huingia yakiwa na nyuzijoto 4, hupita kwenye sahani za kubadilishana joto ambako hupashwa na maziwa yaliyokwisha kupashwa, kisha huingia kwenye hita ya maji moto na kufika nyuzijoto 72, hukaa sekunde 15 ndani ya bomba la kushikilia joto, halafu hurudi kwenye sahani ili yapoe. Mwaka jana tuliongeza sahani ili kupunguza matumizi ya boila. Mafuta yalipungua kweli, lakini tangu hapo joto halitulii: linapanda hadi 75, linashuka chini ya 72, vali ya kugeuza inayarudisha maziwa kwenye tangi la kupokelea, na yakisharudi huko hali inakuwa mbaya zaidi. Mipangilio ya kidhibiti tumeibadilisha mpaka tumechoka. Je, kidhibiti kimeharibika?
Fundi, Arusha

JIBU: Ndugu Fundi, sidhani kwamba kidhibiti kimeharibika, na ningekuomba usiagize kingine kwanza. Kilichobadilika ni mtambo wenyewe. Mlipoongeza sahani mliongeza sehemu ya joto inayotoka kwenye maziwa yaliyopashwa na kurudi kwa yale yanayoingia, na joto linalorudi namna hiyo hukuza kila kosa dogo linalotokea ndani ya mzunguko.

Hukutueleza uwezo wa sahani zenu, kwa hiyo nitumie namba za mfano. Tuseme sahani za zamani zilikuwa zinarudisha asilimia 85 ya joto. Kutoka nyuzijoto 4 hadi 72 kuna nyuzi 68. Sahani zilibeba nyuzi 57.8 na hita ikabaki na kazi ya kuongeza 10.2. Tuseme sahani za sasa zinarudisha asilimia 92. Hita imebakiwa na nyuzi 5.4 tu, na hapo ndipo mafuta yenu yalipookolewa. Sasa hita ikiongeza nyuzi 1 zaidi ya inavyotakiwa, na mtu asiirekebishe, maziwa yatatoka yakiwa na 73. Maziwa hayo yakipita kwenye sahani yatawapa yanayoingia asilimia 92 ya ile nyuzi ya ziada, hita nayo itaongeza tena nyuzi yake moja ya makosa, na safari hii yatatoka yakiwa yamezidi kwa 1.92. Mzunguko ukiendelea hivyo hadi mwisho, jumla yake ni 1 gawanya kwa 0.08, yaani nyuzi 12.5. Kwa sahani za zamani kosa hilohilo lingeishia kwenye nyuzi 6.7. Kiwandani kosa halifiki mbali kiasi hicho, kwa kuwa maji moto yana kikomo chake na maziwa yanayoingia kwenye hita yakiwa moto zaidi hupokea joto kidogo zaidi, lakini uwiano kati ya mtambo wa zamani na wa sasa ndio huo.

Muda nao umebadilika. Kwa asilimia 85, kosa hufika nusu ya ukubwa wake wa mwisho baada ya mizunguko kama 4. Kwa asilimia 92 huchukua zaidi ya 8. Ndiyo maana fundi akigusa mpangilio, akaangalia kwa dakika chache na kuona hali imetulia, hurudi baada ya chai na kukuta joto limekwisha kuhama. Kwa upande mwingine, maziwa mabichi kufika yakiwa na nyuzijoto 6 badala ya 4 huongeza nyuzi 2 tu mwishoni, bila kukuzwa, kwa sababu hayo yanatoka nje ya mzunguko. Nalitaja hili kwa kuwa katika viwanda vingi lawama ya kwanza huwaangukia wafugaji na magari yao.

Hata hivyo kukuzwa kwa kosa peke yake hakutoshi kueleza wimbi lisilokoma, maana kidhibiti kilichowekwa vizuri kingeweza kulimudu. Ninachokishuku zaidi ni vali inayoingiza mvuke kwenye maji ya hita. Vali hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya nyuzi 10.2, leo kazi yake ni karibu nusu, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa imekaribia kufunga, mahali ambapo mguso mdogo huleta badiliko kubwa na ambapo shina la vali hupenda kukwama. Shina likikwama, kidhibiti huendelea kuongeza amri yake taratibu. Likiachia ghafla, mvuke unazidi. Kidhibiti kinaanza kupunguza, shina linakwama tena upande wa pili. Wimbi la namna hii haliondoki kwa kubadilisha mipangilio, bali hubadilika kasi tu.

Kuna jaribio rahisi. Jazeni mtambo maji safi badala ya maziwa, uacheni ufike 72, kisha kiondoeni kidhibiti kwenye hali ya kujiendesha na kuiacha vali mahali ilipo. Wimbi likifa, chanzo ni vali au kidhibiti. Likiendelea, chanzo kiko nje, na hapo mtazame presha ya mvuke kutoka boila na kasi ya pampu ya kulishia. Mkirudisha kidhibiti kazini, linganisheni mistari miwili kwenye kumbukumbu, ule wa amri inayokwenda kwenye vali na ule wa joto. Amri ikipanda na kushuka kwa mistari iliyonyooka yenye pembe kali, huku joto likiruka kwa ghafla na kutulia kidogo kabla ya kuruka tena, vali inakwama.

Sasa tuje kwenye vali ya kugeuza, kwa sababu hapo ndipo mzunguko wa pili unapozaliwa. Joto likishuka chini ya kikomo, maziwa yaliyotoka kwenye bomba la kushikilia hayaendi tena kwenye sahani. Yanarudi moja kwa moja kwenye tangi la kupokelea. Matokeo yake ni mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, sahani zimekosa maziwa ya moto, kwa hiyo maziwa mabichi yanafika kwenye hita yakiwa yamepashwa kidogo sana, na hita iliyozoea kuongeza nyuzi 5 inadaiwa nyuzi 60 na zaidi. Joto linaporomoka, kidhibiti kinafungua vali yote. Pili, tangi la kupokelea linaanza kupata moto, kwa sababu linajazwa na maziwa yaliyorudi na pelampira, yaani boya linalofunga bomba tangi likijaa, inazuia mabichi yasiingie. Baada ya mizunguko kadhaa joto linafika 72, vali ya kugeuza inafunguka kuelekea mbele, sahani zinapata tena maziwa ya moto, tangi nalo limejaa maziwa ya uvuguvugu, na vali ya mvuke bado iko wazi kabisa. Joto linapaa. Kinachochelewesha kuifunga vali ni ile sehemu ya kidhibiti inayojumlisha makosa yaliyopita: muda wote wa mgeuzo ilikuwa inaandika deni, kama daftari la mangi dukani, na sasa inataka lilipwe lote kabla ya kupunguza mvuke. Ukiongeza kwamba maziwa yaliyopashwa mara mbili au tatu huacha ukoko mzito kwenye sahani za hita, na kwamba ukoko hubadilisha tena kiasi cha joto kinachopita, utaelewa kwa nini kila mgeuzo unauzaa mwingine.

Nikiulizwa nianzie wapi, ningeanza na vali: isafishwe, ifungwe kifaa cha kuhakikisha shina linafika mahali lilipoamriwa, na kama bado inafanya kazi karibu na kufunga, iwekwe kiini kidogo zaidi. Kisha ningegawa kazi ya udhibiti kwa vidhibiti viwili, kimoja cha ndani kinachoshika joto la maji moto na kinachoiamuru vali, na kingine cha nje kinachotazama maziwa na kukiambia kile cha ndani maji yawe na joto gani. Cha ndani huyazima mabadiliko ya presha ya mvuke kabla hayajaingia kwenye maziwa na kuanza kuzunguka. Tatu, kidhibiti kipangwe kiache kujumlisha makosa mara tu vali ya kugeuza inapogeuka. Vidhibiti vingi vya kisasa vinaweza kufanya hivyo, ila aliyevifunga hakuwasha. Nne, kama nafasi ipo, maziwa yanayorudi yapoozwe kabla ya kuingia kwenye tangi.

Njia ya tano ni bomba dogo lenye vali linaloruhusu sehemu ya maziwa mabichi kuzikwepa sahani. Wenye mali hawaipendi, kwa kuwa inarudisha sehemu ya gharama waliyoiokoa, lakini asilimia chache tu za mkondo zikikwepa, nguvu ya kukuza inashuka kwa kiasi kikubwa: kutoka asilimia 92 kwenda 90, namba yetu ya 12.5 inakuwa 10. Mkiifunga, hakikisheni upande wa maziwa yaliyopashwa unabaki na presha kubwa kuliko upande wa mabichi, ili sahani ikitoboka mabichi yasivujie kwenye yaliyo salama. Na kikomo cha vali ya kugeuza kisishushwe hata kidogo kwa nia ya kupunguza usumbufu. Nimewahi kusikia watu wakilipendekeza jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa.

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Arusha. Katika mradi wangu ninaunda kwa kompyuta mfano wa mtambo wa amonia wenye gesi inayorudi, nikitumia DWSIM, programu ya kuiga mitambo ya kemikali. Nikifunga mkondo unaorudi, programu inazunguka bila kufikia jibu, na ikifikia, wakati mwingine kinu, yaani chombo cha mmenyuko, kinaonyesha kwamba hakuna mmenyuko kabisa. Msimamizi wangu anasema kosa ni langu, rafiki yangu anasema ni la programu. Tena ningependa kujua kama mfano wa hali tulivu, yaani usioonyesha mabadiliko ya kadiri muda unavyopita, unatosha kupanga udhibiti wa joto.
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki nusu, na programu haina kosa: jibu la kinu kilichozimika ni jibu halali.

Kwanza tuwakumbushe wasomaji wengine. Naitrojeni na haidrojeni huungana kuwa amonia na kutoa joto la kilojuli 92 kwa kila moli moja ya naitrojeni. Kwa kuwa mmenyuko unatoa joto, kadiri kinu kinavyokuwa moto ndivyo msawazo, yaani kikomo ambacho mmenyuko hauwezi kukivuka, unavyoikataa amonia, lakini kikipoa sana kichocheo cha chuma hakifanyi kazi. Wahandisi hukaa katikati, kati ya nyuzijoto 400 na 500 na kwa presha ya angahewa 150 au zaidi, na hata hapo ni sehemu ndogo tu ya gesi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25, inayogeuka kila inapopita. Amonia hupoozwa na kutolewa ikiwa kimiminika. Gesi iliyobaki hurudishwa. Mtambo wa kwanza wa aina hii ulianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kutokana na kazi ya Fritz Haber na Carl Bosch, na mpangilio huo wa kurudisha gesi ndio uliobaki hadi leo. Urea inayouzwa kwa wakulima wa Kilombero au Karatu imetokana na amonia iliyotengenezwa hivyo.

Mtambo wako una mizunguko miwili, na nadhani umeifunga yote kwa pamoja. Mmoja ni wa gesi inayorudi. Mwingine ni wa joto, kwa sababu gesi inayotoka kwenye kinu huipasha ile inayoingia. Programu hukata mkondo mmoja, hukisia kilichomo, hukokotoa mtambo mzima na kulinganisha kilichorudi na ilichokisia. Kama asilimia 98 ya agoni na methani, gesi zisizoshiriki kwenye mmenyuko, hurudi kila safari kwa kuwa mkondo wa kutolea nje ni mdogo, kosa la makisio nalo hupungua kwa asilimia 2 tu kila safari, na utahitaji safari kama 34 kulifikisha nusu. Programu uliyoiwekea kikomo cha safari 30 itakata tamaa kabla yako. Njia ya kuharakisha iliyochapishwa na Wegstein mwaka 1958 ipo ndani ya programu nyingi na itakusaidia, lakini usiiwashe tangu safari ya kwanza, kwa kuwa inakisia kwa kuufuata mwelekeo wa makosa, na mwelekeo wa mwanzo hudanganya.

Anza hivi. Mzunguko wa joto uache wazi: weka joto la kuingia kwenye kinu kwa amri yako mwenyewe, tuseme 400, na kata mkondo wa gesi hapohapo mlangoni mwa kinu. Gesi ikishatulia, tazama kibadilisha joto kinadaiwa kiasi gani, kisha ukiunganishe. Ukiunganisha vyote mara moja kwa makisio ya gesi baridi, hesabu itakupeleka kwenye kinu kilichozimika na kukuacha huko.

Sababu ya kuwapo kwa majibu zaidi ya moja ilielezwa na van Heerden mwaka 1953. Chora joto linalozalishwa na kinu dhidi ya joto la gesi inayoingia: mstari unaanza chini, unapanda kwa kasi kichocheo kinapoamka, kisha unalegea msawazo unapoukamata. Chora pia joto linalohitajika ili gesi iweze kupashwa hadi hapo, ambao ni mstari ulionyooka. Mistari hiyo inaweza kukatana mahali patatu. Pa chini ni kinu kilichozimika, pa juu ni kinu kinachofanya kazi, na pa katikati hapakaliki, maana ukisogea kidogo tu unasukumwa juu au chini. Mwenye kiwanda anatamani kukaa pa juu lakini karibu na ukingo, kwa sababu huko ndiko amonia ni nyingi zaidi.

Swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Hapana, hali tulivu haitoshi. Mwaka 1989, katika kiwanda kimoja cha amonia nchini Ujerumani, presha ya kinu ilishuka na joto la gesi inayotoka likaanza kupanda na kushuka kwa mawimbi makubwa yanayojirudia kila baada ya dakika chache, badala ya kinu kuzimika taratibu kama mchoro wa van Heerden ungemfanya mtu atarajie. Morud na Skogestad, kutoka Trondheim nchini Norway, walichapisha uchambuzi wa tukio hilo mwaka 1998 na kuonyesha kwamba mawimbi huanza kabla ya kufika ukingo wa kuzimika.

Kiini chake kiko ndani ya kitanda cha kichocheo. Gesi hupita kwa sekunde chache, lakini joto husafiri polepole mno kwa kuwa chuma ni kizito na hukishikilia kile ilichokipokea. Gesi ya kuingia ikipoa ghafla, sehemu ya mbele ya kitanda inapoa na kuacha kutumia naitrojeni na haidrojeni. Gesi hiyo ambayo haijatumika inafika sehemu ya nyuma ambayo bado ina moto wa zamani, inaungana huko kwa wingi, na joto la kutokea linapanda. Yaani umepoza mlangoni, ukapata moto zaidi kwenye kutokea. Baadaye wimbi la baridi nalo linafika, na kutokea kunapoa. Sasa peleka kutokea huko kwenye kibadilisha joto kinachopasha mlango: kila kitu kinarudi mlangoni kikiwa kimechelewa na kimegeuzwa. Hakuna mahali kwenye mchoro wa hali tulivu panapoonyesha kuchelewa huko.

Kwa mradi wako huhitaji programu kubwa. Gawa kitanda vipande 20 au 30, kwa kila kipande andika mlinganyo mmoja wa amonia na mmoja wa joto la kichocheo, ongeza mlinganyo wa kibadilisha joto, halafu shusha presha kidogo kidogo uone mawimbi yanaanzia wapi. Kisha jaribu dawa inayotumika viwandani: gesi baridi inayokwepa kibadilisha joto na kuingizwa mlangoni mwa kinu, ikiendeshwa na kidhibiti cha joto la mlango huo. Ikishika vizuri, mlango hausikii tena yanayotokea kwenye kutokea, na mzunguko wa joto umekatwa. Mlinde msimamizi wako asidhani kwamba safari za hesabu za programu ya hali tulivu ni sawa na dakika za mtambo. Ni vitu viwili tofauti, na programu kufikia jibu si ushahidi kwamba mtambo ungetulia hapo.

SWALI: Ndugu Mhandisi, sisi ni kikundi kidogo Moshi, tunatengeneza dizeli ya mimea kutokana na mafuta ya kukaangia yaliyotumika tunayoyakusanya hotelini. Tunayachanganya na methanoli na kichocheo kwenye pipa la mtiririko kwa nyuzijoto 60, tunakeneka methanoli iliyozidi na kuirudisha. Siku nyingine pipa linapoa hadi 52, siku nyingine methanoli inachemka na mvuke unasukuma mfuniko. Tukiongeza mafuta kidogo tu, methanoli inayorudi inabadilika sana na pampu inazidiwa. Tufanye nini?
Kikundi cha vijana, Moshi

JIBU: Vijana wangu, kwanza shusheni joto hadi 55. Methanoli huchemka kwa nyuzijoto 64.7 usawa wa bahari, lakini Moshi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Huko kwenu itachemka kwenye 62 hivi. Kufanya kazi kwa 60 kunawaachia nafasi ya nyuzi 2, na kipima joto cha bei nafuu kinaweza kukosea kiasi hichohicho.

Mmenyuko wenu wenyewe hautoi wala haunyonyi joto la maana. Kwa hiyo joto la pipa linaamuliwa na vitu vinavyoingia, na kitu kinachobadilika zaidi ni methanoli inayorudi. Mkitumia moli 6 za methanoli kwa moli 1 ya mafuta, kama wengi wanavyofanya, mnaweka karibu kilo 22 kwa kila kilo 100 za mafuta, na nusu yake tu ndiyo inayotumika. Nusu nyingine inazunguka.

Nadhani pampu ya methanoli mpya mmeiweka kwenye kiwango kimoja, na inayorudi mnaipokea yote jinsi inavyokuja. Huo ni mpangilio unaokaribisha balaa. Mmenyuko hutumia kile ambacho mafuta yanadai; methanoli mpya ikizidi hata kidogo juu ya hapo haina pa kutokea, inazunguka tu na kuongezeka saa hadi saa. Mafuta yakiongezeka, inapungua kwa mtindo uleule. William Luyben wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, aliiandika tabia hii miaka ya 1990 na dawa yake ikawa kanuni ya viwandani: katika kila mzunguko wa kurudisha, shika kiwango cha mtiririko mmoja. Kwenu ina maana kwamba pampu inayoingiza methanoli kwenye pipa, yaani mpya na iliyorudi kwa pamoja kutoka tangi moja, ndiyo ishikwe kwa uwiano na mafuta. Methanoli mpya iingie kwenye tangi hilo kwa pelampira pale tu usawa unaposhuka.

Kwa upande wa joto, methanoli iliyokenekwa ipoozwe kwa maji hadi joto moja lisilobadilika, tuseme 30, kabla ya kuingia tangini, halafu pipa lipashwe kwa koti lake, yaani ganda la nje la kupashia. Najua inauma kupoza kitu kisha kukipasha tena, na kuni hazishuki bei, lakini kwa kikundi chenye kidhibiti kimoja ni biashara nzuri. Mkishazoea mtaweza kurejesha sehemu ya joto hilo.

Maji pia yanazunguka. Kila mara methanoli inaporudi huja na maji kidogo, na maji yakizidi kichocheo kinatengeneza sabuni badala ya dizeli. Pimeni uzito wa lita moja ya methanoli inayorudi: safi ina gramu 790 hivi kwa nyuzijoto 20, na ikianza kupanda, ikenekeni upya au itoeni nje ya mzunguko. Mfuniko unaosukumwa na mvuke ni jambo la kusimamisha kazi leo hii, si mwezi ujao. Methanoli ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri kwa macho. Wekeni bomba la kupumulia linalopitia kwenye kipoozeo na kutokea nje ya jengo, mbali na jiko na swichi.

SWALI: Muuzaji wa vifaa amekuja kiwandani kwetu Moshi na mfumo wa kompyuta unaotabiri joto kabla halijabadilika. Bei yake ni kubwa. Je, inafaa?
Msimamizi wa zamu, Moshi

JIBU: Udhibiti wa kutabiri si jambo jipya, wahandisi wa Shell, Cutler na Ramaker, waliuwasilisha hadharani mwaka 1979 baada ya kuutumia viwandani, na unafaa sana pale ambapo joto, mitiririko na presha nyingi vinagusana na kila kimoja kina kikomo chake. Kama mnadhibiti joto moja kwa vali moja, ningetumia fedha hizo kwenye vali na vihisi. Kwa ucheleweshaji wa bomba refu kuna mbinu ya Otto Smith ya mwaka 1957 ambayo vidhibiti vingi vya kawaida tayari vinayo.

Mkiamua kununua, simamieni wenyewe jaribio ambalo muuzaji atalitumia kuufundisha mfumo. Kwa kawaida fundi husogeza vali kwa asilimia chache, husubiri mstari wa joto ulale, na kuandika umepanda kiasi gani. Kwenye mtambo wenye mkondo unaorudi mstari hulala mara mbili. Unapanda kidogo ndani ya dakika za kwanza na kuonekana umetulia, halafu kile kilichopita kinarudi mwanzoni na mstari unaanza kupanda tena polepole kwa muda mrefu, pengine mara kumi ya ule wa kwanza. Fundi aliyekunja karatasi kwenye utulivu wa kwanza atawaachia mfumo unaoamini kwamba mtambo ni mwepesi na mpole kuliko ulivyo. Mwambieni jaribio lianze asubuhi, vali isiguswe tena, na kumbukumbu iendelee hadi zamu ya mchana iingie.